Gari la stimu na kioo cha maji

Kuna video inazunguka tena kwenye magrupu, jamaa anamimina maji kwenye tanki la gari, anawasha, anaondoka, na chini yake watu wa huku kwetu wanaandika "Mwanza tungekuwa matajiri na ziwa lote hili". Nikiiona siwezi kuipita, lazima nijibu, maana mi ni mtu wa boila, lile tanki la kuchemshia maji mpaka yawe mvuke, ujana wangu wote nimeshinda na huo mvuke, tunauita stimu, kwenye viwanda vya mafuta ya pamba huku Nyakato, na inaniuma kuona watu wanadanganywa na gari la uongo wakati gari la kweli lilikuwepo. Lilikuwa linajazwa maji, linaingia barabarani, na kuna wakati lilikimbia kuliko gari lolote la petroli duniani. Ila maji yalikuwa hayaungui jamani. Kilichokuwa kinaungua ni petroli au mafuta ya taa, maji kazi yake ni kubeba ule moto kutoka kwenye boila kuupeleka kwenye pistoni, basi. Mtu akikwambia gari lake linaunguza maji usimpe hela yako.

Aliyenifanya niandike yote haya ni dogo mmoja anajifunza uopereta hapa kazini. Siku hiyo presha imepanda vizuri, mashine zote zinavuta, akaniuliza, "Anko, hii stimu si inaweza kusukuma hata gari?" Nikamwambia mwanangu, ilisukuma magari kabla babu yako hajazaliwa, nikachukua karatasi nikamchorea, tukakaa nayo mpaka shifti ikaisha na bado maswali hayajaisha.

Gari nililomchorea ni Stanley. Mapacha wawili wa Marekani, Francis na Freelan Stanley, walitengeneza la kwanza mwaka 1897, na kiwanda chao kule Newton, jimbo la Massachusetts, kiliendelea kutoa magari ya stimu mpaka 1924. Hawakuwa wa kwanza, Mfaransa Cugnot alishatembeza mkokoteni wa stimu mwaka 1769, na Mfaransa mwingine, Serpollet, mwaka 1902 pale Nice alikimbiza lake kilomita 120 kwa saa ikawa rekodi ya dunia. Lakini Januari 1906 Stanley wakapeleka gari lao kwenye mchanga wa ufukwe kule Florida, dereva Fred Marriott akapiga kilomita 205 kwa saa. Kabla ya siku hiyo hakuna mtu aliyewahi kufika 200 ndani ya gari. Na kwa magari ya stimu rekodi ile haikuvunjwa mpaka 2009, timu ya Waingereza ndo ikafika wastani wa kama 225. Miaka 103! Mi nikisikia mtu anasema stimu ni teknolojia ya taratibu namwonyesha hizo namba tu.

Sasa kuliendesha. Hapa ndo watu wa magari ya kawaida wanapotea, kwa sababu ukiingia kwenye Toyota unakaa, unazungusha ufunguo, unaondoka, na Stanley ukifanya hivyo hufiki popote. Kitu cha kwanza kabla hata ya kiberiti ni kuangalia maji. Boila iko mbele chini ya boneti, imesimama wima, ya gari lenye nguvu za farasi 20 ina kipenyo cha inchi 23 hivi, na ndani yake kuna tyubu nyembamba zaidi ya 700 zinazopitisha moto huku maji yamezizunguka. Kuna kioo kinachoonyesha maji yako wapi. Kama kioo hakina maji huwashi, hata kama wageni wa harusi wanakusubiri. Hii ni ile ile tunayofanya kiwandani kila asubuhi, unafika unafungua koki za kioo unamwaga kidogo uone maji yanarudi yenyewe, maana kioo kikiziba kinaweza kukuonyesha maji ambayo hayapo, na mi naamini kabisa kwamba opereta anayejua kusoma kioo ameshajua nusu ya kazi.

Baada ya maji unakuja moto. Bena ya Stanley inafanya kazi kama jiko la pampu ambalo mama zetu walikuwa nalo, mafuta yako kwenye tanki lenye presha ya hewa, lazima kwanza uyapashe yageuke gesi ndo yawake bluu. Unaanza na moto mdogo, pailoti, unaupasha mpaka ushike wenyewe, kisha unafungua moto mkubwa na unasikia ule mvumo chini ya boila. Kutoka baridi kabisa subiri dakika 20 mpaka nusu saa, geji inapanda polepole halafu ikishika inapanda haraka, mpaka psi 500, 600, yaani kama bar 35 mpaka 40 kwa kipimo chetu cha kiwandani. Dogo alinitolea macho hapo. Boila yetu ya kiwandani na ukubwa wake wote inakaa bar 8 mpaka 10, na hicho kigari kinatembea na bar 40! Pipa la ile boila wenyewe walilizungushia nyaya za piano, nyaya ngumu za chuma, safu juu ya safu, ndo maana likabeba presha kubwa bila kuwa zito kama treni.

Presha imefika, bado huondoki. Silinda zimelala baridi, stimu ikiingia tu inageuka maji, na maji hayabanwi, ukiminya kwa nguvu pistoni inakutana na maji na kitu lazima kivunjike. Kwa hiyo unafungua stimu kidogo sana, gari linasogea mita moja mbili, unarudisha nyuma, unasogeza tena, linatema maji na kukohoa huku chini, unaendelea hivyo taratibu mpaka chuma kimepata moto na kikohozi kimeisha. Mtu asiye na subira asinunue gari la stimu, nasema kwa upendo.

Halafu sasa utamu wake. Hakuna klachi. Hakuna giaboksi. Injini ina silinda mbili tu, stimu inasukuma pistoni pande zote mbili, na imefungwa moja kwa moja kwenye akseli ya nyuma. Chini ya usukani kuna mkono mdogo, unausukuma kidogo na gari linaondoka bila kelele, bila mtetemo, nguvu yote ya kuvuta ipo tangu tairi limesimama. Injini ya petroli lazima kwanza izunguke ndo ipate nguvu, ndo maana tunahangaika na gia namba moja mlimani, ila stimu ikiwa imejaa kwenye boila inakusubiri wewe tu. Nimekaa nikawaza mara nyingi kile kilima cha kupanda Bugando kutokea mjini, daladala zinavyolia pale zikishusha gia, na Stanley lingepanda kimya kimya kabisa. Ukitaka rivasi unakanyaga pedeli, valvu zinabadilisha zamu ya kuingiza stimu, injini ile ile inazunguka kinyume. Pedeli hiyo hiyo ina kazi nyingine ambayo naipenda zaidi, ukishashika mwendo unaifunga hatua moja ili stimu iingie kwa muda mfupi tu kwenye silinda halafu ikatwe, iliyobaki ndani inatanuka na kusukuma yenyewe, unaokoa maji na mafuta. Wazee wa treni walikuwa wanafanya hivyo hivyo na wakiongea habari hiyo utaona macho yao yanavyong'aa.

Ila usije ukadhani unakaa unapiga stori. Ukiwa barabarani una geji ya stimu, kioo cha maji, geji ya presha ya mafuta, na pale pembeni unachungulia kama oili nzito ya silinda inaenda, kwa sababu stimu kavu bila oili inakula silinda. Moto wenyewe unajirekebisha, presha ikifika kiwango valvu inapunguza mafuta. Maji ndo kazi yako. Pampu za maji zinasukumwa na gari lenyewe likitembea, kwa hiyo likisimama hakuna maji yanayoingia isipokuwa upige pampu ya mkono, na likitembea unaamua wewe maji yaingie kwenye boila au yarudi kwenye tanki. Hapo ndo dereva mzuri anaonekana. Maji ya baridi yakiingia presha inashuka, sasa kama unaona mlima mbele unahakikisha boila ina maji ya kutosha ukiwa bado tambarare, kwenye mlima unayazuia kidogo ili presha isimame, ukifika juu unarudisha tena. Unaona mlima kabla hujaufikia, unausoma kwa kioo cha maji.

Ukizembea? Wenye Stanley wanasema kwa fahari kwamba boila zao hazilipuki, na sababu yake ni ya kueleweka, maji yakiisha zile tyubu nyembamba zinaanza kuvuja kwenye maungio, maji na stimu vinamwagikia moto, unazimika. Lakini boila umeshaiua na kuweka mpya ni hela nyingi. Nimeshaona boila ya kiwanda kimoja iliyowashwa ikiwa kavu, sitaki kusema wapi, tyubu zimepinda zote, na yule opereta alisimama pale hana hata la kusema.

Na hapa niongee na vijana wa welding, tena nawaomba. Najua mna mikono mizuri, najua ukimpa kijana wa Mabatini chuma chakavu asubuhi jioni ana mashine. Lakini usichomelee boila kwa mtungi wa gesi au pipa la lami ili urekodi video. Maji yaliyoko kwenye bar 40 yana moto wa kama nyuzi 250 na bado ni maji, yamekaa maji kwa sababu presha imeyabana. Chuma kikipasuka yale maji yote yanataka kuwa stimu kwa mara moja, na lita moja ya maji ikigeuka mvuke kwenye hewa ya kawaida inachukua nafasi ya kama lita 1,700. Hiyo ndo inayobomoa jengo, na bar 8 inatosha kabisa kukuua. Ndo maana OSHA, wakala wa usalama kazini, wanakuja kukagua boila zetu, ndo maana sefti valvu, ile inayotoa stimu presha ikizidi, haifungwi waya, na ndo maana mtu aliyejifunza anaangalia kioo kabla hajaangalia simu.

Turudi barabarani. Dogo aliniuliza, "Sasa anko, lingetoka hapa lingefika Sengerema?" Swali zuri kuliko yote aliyouliza. Stanley za zamani, zile za kabla ya 1915, hazikuwa na kondensa, yaani kifaa cha kuipoza stimu iliyotumika irudi kuwa maji, stimu ikishasukuma pistoni inatupwa nje kama moshi, kwa hiyo zilikuwa zinakunywa maji vibaya sana, galoni moja kwa maili moja hivi. Tanki la galoni 25 za Kimarekani, yaani kama lita 95, linakupeleka kilomita 40. Mafuta hayana shida sana, galoni moja inakupa maili 10 mpaka 15, kwa hiyo tanki la maji ndo linaloamua safari.

Basi tukapanga. Unawasha asubuhi mapema kabla barabara ya Kenyatta haijajaa, kwa sababu kwenye foleni gari limesimama na pampu imesimama, na kwa sababu bodaboda hawatalisikia likija, hilo lingenipa wasiwasi kuliko kitu chochote. Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, Buhongwa, pale kuna vilima vya kucheza navyo na maji. Usagara unakata kulia kuelekea Kigongo. Zamani ungesubiri feri, na kwenye foleni ya feri ungekaa na boila imejaa stimu huna pa kwenda, sasa hivi kuna daraja la kilomita 3 tangu 2025, unapita juu ya ziwa bila kusimama. Ukitua Busisi tanki limeshaelekea kuisha na upande huu maji, upande ule maji. Stanley lilikuwa na mpira mrefu na kifaa kinachotumia stimu ya boila kuvuta maji, unatumbukiza mpira mtoni, unafungua koki, tanki linajaa lenyewe. Kule Marekani walikuwa wanajaza kwenye mabirika ya kunyweshea farasi kando ya barabara, mpaka mwaka 1914 ulipokuja ugonjwa wa miguu na midomo wa mifugo mabirika mengi yakafungwa, wenye Stanley wakapata taabu kweli, mwaka uliofuata kiwanda kikaanza kuweka kondensa.

Sisi tuna birika kubwa kuliko yote Afrika. Na maji ya Victoria ni mazuri kwa boila kuliko watu wanavyodhani, chumvi yake ni kidogo, hayaachi ule ukoko mweupe mgumu kama visima vingi vya huko Shinyanga na Dodoma. Ukoko ni adui mkubwa, ukitanda kwenye tyubu moto haupiti vizuri kwenda kwenye maji, unachoma mafuta zaidi na chuma kinapata joto kuliko kinavyotakiwa. Shida ya ziwa letu ni vingine, tope hasa wakati wa mvua, mwani wa kijani ule unaoonekana siku za joto kandokando, na gugumaji. Maji yenye uchafu wa namna hiyo yanatoa povu ndani ya boila, povu likipanda linabebwa na stimu mpaka kwenye silinda na tumesharudi kwenye habari ya maji yasiyobanwa. Kwa hiyo mpira wako unaufunga chujio zuri, hauutupi chini kwenye tope, unavuta maji ya juu kidogo mbali na majani, na tanki lenyewe unaliweka chujio la pili. Mi ningebeba pia madumu mawili ya maji safi toka nyumbani, kwa ajili ya amani ya moyo. Kutoka Busisi mpaka Sengerema ukiwa umejaza unafika bila wasiwasi.

Ukifika hujamaliza. Unafanya blodauni, unafungua valvu ya chini boila ikiwa bado na presha, tope na chumvi vyote vinatoka na kishindo cha mvuke, kelele yake inafukuza kuku mtaa mzima, kwa hiyo unaangalia kwanza hakuna watoto upande ule. Kama kesho unaondoka tena wengine walikuwa wanaacha pailoti inawaka usiku kucha, asubuhi boila ina presha tayari, ila mi kwenye geti la gesti sidhani kama mwenye nyumba atakubali.

Dogo akauliza kwa nini sasa yaliisha kama ni matamu hivyo. Ni starta ya umeme. Gari la petroli zamani lilikuwa linawashwa kwa kuzungusha mpini wa chuma mbele, linavunja watu mikono, stimu ikawa na sababu. Mwaka 1912 Cadillac wakaweka starta, mtu akawa anabonyeza anaondoka, na wewe bado una nusu saa na kiberiti. Ford naye akashusha bei ya Model T mpaka mkulima akanunua, wakati Stanley lilikuwa linatengenezwa kwa mkono na kwa bei ya matajiri. Miaka ya 1920 huko California kuna Abner Doble alitatua karibu kila kitu, boila ya mrija mmoja mrefu inayopata stimu kwa kama dakika moja, unawasha kwa swichi, kondensa inarudisha karibu maji yote, lakini bei yake ilikuwa haishikiki na zilitoka chache sana. Watu wengi wanaojua stimu watakwambia Doble ndo gari bora. Ni kweli kwa ufundi. Mi ningepewa kuchagua ningechukua Stanley lisilo na kondensa, kwa sababu mbili: kondensa za Stanley zilikuwa zinarudisha na oili ya silinda ndani ya boila, na oili kwenye boila ni balaa tupu, na pili nataka gari linaloniambia liko vipi, nilisikie na nilione.

Na stimu haikuwa kitu cha wazungu wa mbali tu, hapa ziwani imefanya kazi kabla hata ya hizo Stanley za kukimbia. Meli ya William Mackinnon ililetwa vipande vipande kutoka Uingereza ikashushwa majini Kisumu mwaka 1900, zikafuata Winifred na Sybil, baadaye Usoga na Rusinga, zote stimu. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza 1928 na kwa miaka mingi ni stimu iliyokuwa inavuta pamba yetu kwenda bandarini. Mjomba wangu mmoja alikuwa fayamani, mchochea moto wa boila, kwenye hizo treni, yeye ndo wa kwanza kuniambia kwamba kabla ya mlima unajaza maji, nilikuwa mtoto sikumuelewa.

Kazi niliyompa dogo wiki hii ni kuchora mfumo wa maji wa Stanley wote toka tanki mpaka silinda, na aonyeshe kila mahali ambapo angeweka chujio kwa maji ya ziwa. Mi upande wangu natafuta picha za chumba cha boila cha meli zetu za zamani au za treni za njia ya Tabora, hasa zinazoonyesha vioo vya maji na geji. Kama una mzee wako alifanya kazi kwenye meli au reli, mkalishe chini umrekodi jinsi walivyokuwa wanawasha asubuhi, hatua kwa hatua, halafu niandikie hapo chini.